Viazi vya Masazo

Kila vuli shule za mji mdogo wa Caribou hufungwa ili watoto wakavune viazi, na Odile Pelletier, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na mikono myepesi kuliko wavulana wengi. Alfajiri alikula chapati za ploye za moto zilizopakwa siagi, akavaa buti, akafuatana na mama yake, Ginette, hadi shambani.

Mwaka huo mikono yake ilikuwa shambani lakini moyo ulibaki nyumbani. Ukuta wa nyumba waliyopanga ulikuwa umeota kuvu, na mdogo wake, Remy, alikohoa kila usiku. Mama alipolalamika kwa wakubwa wa mji, mkaguzi alikuja kuutazama ukuta. Mwenye nyumba hakuleta fundi. Alileta notisi: wahame kabla theluji haijaanguka.

"Mama, nenda kwa yule wakili wa maktaba," Odile alisema wakiwa wameinama tutani. "Hatozi mtu."

"Yaani nikaombeombe? Sisi hatuli sadaka."

"Sasa tutalala wapi?"

"Okota viazi, wewe."

Mficha uchi hazai, lakini mwambie Ginette maneno hayo uone.

Basi Odile akaenda peke yake. Wakili, Bi Bragdon, alikuwa na meza yake maktabani, karibu na rafu ya vitabu vya watoto.

"Mama amenituma," Odile alisema. "Yeye yuko kazini."

Bi Bragdon alimtazama juu ya miwani. "Amekutuma kweli?"

Odile akainamisha kichwa. Machozi yalimlengalenga.

"Sikiliza, binti. Siwezi kumtetea mtu ambaye hajaniomba. Tena hakimu akigundua uongo mdogo, hata ukweli mkubwa atautilia shaka. Nenda ukamweleze mama yako ulichofanya."

Odile alimweleza. Mama alikasirika mpaka masikio yakamwiva, kisha akaenda maktabani na buti zake za matope, Odile nyuma yake.

"Nisamehe kwa usumbufu wa huyu mtoto," alimwambia wakili. "Msaada wa bure hatuutaki."

"Nani kasema nafanya bure? Mimi nalipwa."

"Na nani?"

"Watu wakiuziana nyumba, pesa hukaa siku chache kwenye akaunti ya wakili, zikingoja hati zikamilike. Pesa si za wakili, na riba yake pia si yake. Riba ya mtu mmoja ni ndogo mno, hata gharama ya kumrudishia inaizidi. Kwa hiyo ya wote hukusanywa, ikatolewa ruzuku kwa ofisi kama yangu. Haba na haba, mama. Kwani ninyi hamjawahi kuuza kitu kupitia kwa wakili?"

Ginette alizitazama buti zake. "Shamba la baba. Alipofariki."

"Basi na ninyi mmo. Mliacha masazo, mtu akayaokota. Mavuno yakiisha, wewe huendi kuokota viazi vilivyobaki?"

"Kila mtu huenda. Hiyo ni desturi, si sadaka."

"Ehe."

Mama alivuta kiti akakaa. Odile alishusha pumzi.

Siku ya kesi, mwenye nyumba alidai kuwa watoto wa Ginette wana kelele. Bi Bragdon alimwuliza swali moja tu: notisi aliiandika lini? Jamaa alikiri kuwa ni kesho yake baada ya mkaguzi kuuona ukuta. Hakimu aliitupilia mbali notisi ile, maana sheria hairuhusu kumfukuza mpangaji kwa sababu amelalamika, akaamuru ukuta utengenezwe. Theluji ilipoanguka, Remy alikuwa amelala fofofo kitandani mwake, na Odile alifurahi hata akashindwa kulala yeye.

Vuli iliyofuata, Odile alikuwa akikwangua tuta hadi kiazi cha mwisho. Mama akamshika mkono.

"Hivyo vidogo viache."

"Lakini kikapu hakijajaa, Mama."

"Kitajaa kwingine. Mwanangu, mwaka jana mimi niliona haya kuomba, wewe ukadanganya. Tulikosea wote wawili. Ukihitaji msaada, sema kweli na uombe bila aibu. Na ukiwa unavuna, acha masazo. Humjui atakayepita nyuma yako."

Odile alivirudisha viazi viwili tutani, akabeba kikapu chake, akasonga mbele.