Sindano ya Maji ya Chumvi

Dokta Anselm Kruse alijua kuna jambo haliendi sawa pale mgonjwa wake alipoinuka kwenye kochi, akavaa buti zake mwenyewe na kutembea wima hadi mlangoni, huku akiuliza kama mvua imekatika. Mtu aliyetoka kudungwa ketamini, dawa ya usingizi, hafanyi hivyo. Huyumba, hutapika, hushikwa mkono kama mtoto anayejifunza kutembea, na akiulizwa leo ni siku gani hutafakari kwanza.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Julai, baridi kali, katika mji mdogo wa Deloraine kisiwani Tasmania. Daktari alilichukua bomba la sindano lililotumika, akalitia kwenye mfuko na kulipeleka maabara mjini Launceston. Alhamisi majibu yakarudi: matone yaliyobaki ndani yake yalikuwa maji ya chumvi matupu. Dawa ilikuwa imetoweka. Kabla ya saa sita mchana daktari alikuwa ameifunga kliniki, amemnyang'anya muuguzi wake funguo na kumwambia akae nyumbani, kisha akapiga simu polisi.

Simu ilipokelewa na Sajenti Noelene Pascoe, ambaye wakati huo alikuwa na pai ya nyama mkononi na hakuwa tayari kuiweka chini.

"Muuguzi gani?" aliuliza.

"Bronagh Keane."

Noelene akaiweka pai chini. Bronagh ndiye aliyemuuguza mama yake hadi siku ya mwisho, akimchana nywele kila asubuhi hata pale mama alipokuwa hamjui tena mtu. Wizi wa dawa kwa muuguzi maana yake ni kufutiwa usajili. Bronagh angekuwa amemaliza kazi, na katika mji ule mdogo angekuwa amemaliza na jina pia. Noelene alifuta mikono, akachukua kalamu. Alijua kwamba akimpendelea Bronagh atamharibia zaidi, kwa hiyo akaamua kumhoji kama mtu mwingine yeyote, ila tu hakuanza naye.

Alianza na daktari.

"Nieleze pole pole, Dokta. Mimi mambo yenu haya siyajui. Ninavyosikia mnawalaza watu kwenye kochi, mnawalewesha, halafu wanalia."

"Hatuwaleweshi," daktari alisema, akijitahidi kuwa mpole. "Dawa inailegeza akili iliyokakamaa. Mtu aliyefungiwa ndani ya huzuni anapata mlango. Mshauri wetu, Ingrid Tolhurst, anakaa naye, na kesho yake wanazungumza juu ya alichokiona. Ingawa kwa maoni yangu kazi inafanywa na dawa. Maneno ni mapambo."

"Ingrid anajua una maoni hayo?"

"Nimemwambia. Kuanzia mwezi ujao tunapunguza mazungumzo ili tutibu wagonjwa wengi zaidi. Hakufurahi, lakini ameelewa."

"Na Jumanne?"

"Bronagh alivuta dawa kutoka kwenye kichupa mbele ya macho yangu. Kichupa nimekipima pia, ni dawa halisi. Akaiweka sindano kwenye sinia, akaenda nayo chumba cha mgonjwa. Nani mwingine basi? Kaka yake aliwahi kuwa mtumwa wa dawa za kulevya, mji mzima unajua."

"Mji mzima unajua pia kwamba ameacha na anafundisha watoto kuogelea," Noelene alisema, akasimama.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Merv Dacey, mfugaji wa kondoo, mzee mwenye mikono kama makoleo. Alipelekwa kliniki siku ile na Darcy, mtoto wa dada yake, kwa kuwa mtu akishadungwa haruhusiwi kuendesha gari. Na Darcy huyu, Noelene alikumbuka mara moja, alifanya kazi kwa daktari wa mifugo. Ketamini ndiyo inayotumika kumlaza farasi. Kijana alikuwa pia na sifa ya kupenda starehe kupita kiasi. Noelene alimkuta akiosha banda, akamweka kiti moto.

"Jumanne uliingia chumba cha mjomba wako?"

"Nilifika mlangoni tu, Sajenti. Nilimletea blanketi lake, anasikia baridi akiwa kwenye dawa. Dada Ingrid akalipokea, akanifungia mlango usoni."

"Uliona sinia?"

"Niliiona, iko juu ya kabati. Bronagh hayupo. Simu ilikuwa imelia mapokezi, akaenda kuipokea, nikapishana naye korido akilalamika kwamba aliyepiga amekata bila kusema neno." Kijana akatabasamu kwa ujeuri. "Unanishuku mimi? Sikiliza basi. Hapa nazungukwa na dawa ya kulaza farasi kumi. Kama ningekuwa naitaka, ningehangaika na kasindano ka mjomba?"

Jibu lile lilimkera Noelene kwa sababu lilikuwa na akili. Akampigia simu daktari wa mifugo, akathibitishiwa kwamba kabati lao halijapungua hata tone.

Ijumaa asubuhi alipanda kilimani kwa Merv. Alitarajia kumkuta mzee amejikunyata mbele ya moto, maana ndivyo alivyojulikana tangu Clive, mdogo wake, alipopinduliwa na trekta na kufa. Badala yake alimkuta akiwagawia kondoo majani huku akipiga mluzi, tena vibaya.

"Karibu, mama polisi! Chai ipo jikoni, mimina mwenyewe."

"Merv, umeambiwa kilichotokea Jumanne?"

"Nimeambiwa kuna kasoro imetokea, kliniki imefungwa. Mimi sikuona kasoro yoyote. Ilikuwa siku nzuri kuliko siku zangu zote tano za sindano." Mzee akaweka chini rundo la majani. "Unajua sijawahi kumtaja Clive kwa mtu? Jumanne nilimtaja. Ingrid aliniuliza, nani alimwambia apande kilima siku ile ya matope. Nikasema mimi. Akaniuliza tena, una hakika? Nikafikiri. Nikakumbuka mimi nilimwambia asubiri kesho, akacheka, akawasha trekta. Miaka yote hii nilikuwa nimekariri uongo, Noelene. Nililia mpaka kile kitambaa wanachonifunika macho kikalowa chepechepe."

"Pole, Merv."

"Sina haja ya pole. Nimelala usingizi siku tatu mfululizo."

Noelene alishuka kilima akiwa amefurahi kwa ajili ya mzee na amechoka kwa ajili ya Bronagh, kwa sababu hakuwa amepata kitu. Au ndivyo alivyodhani.

Bronagh alimfungulia mlango akiwa na macho mekundu. Nyumba ilikuwa imepigwa deki mpaka inang'aa, kazi ya mtu aliyekosa la kufanya na mikono yake.

"Uliza tu, Noelene. Usinionee aibu."

"Uliiacha sinia?"

"Niliiacha. Hilo ni kosa langu, nimeshamwambia daktari. Simu ililia, nikaenda, nikarudi. Ndani alikuwa Merv, macho yamefunikwa, na Ingrid pembeni yake. Nikamdunga, nikatoka."

"Ingrid amesemaje juu yako?"

"Amenipikia supu ya maboga, akaniletea hapa. Amenikumbatia. Hakusema kitu." Bronagh akafuta meza iliyokuwa safi tayari. "Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Mimi nilitoka wodini, nimezoea kumsemesha mgonjwa muda wote: umelalaje, unataka maji, miguu ina baridi? Siku yangu ya kwanza nilimuuliza mama mmoja kama anataka maji. Ingrid alinitoa nje akanigombeza nikataka kulia. Siku ya dawa hakuna maswali, alisema. Mtu yuko mbali, ukimuuliza unamvuta kwa kamba. Unakaa, unanyamaza, akinyoosha mkono unaushika. Maswali ni ya kesho yake."

"Hata yeye haulizi?"

"Yeye? Hata akipiga chafya anaomba radhi."

Noelene aliweka kikombe mezani. Akacheka, mpaka mwenyeji wake akadhani ameingiwa na wazimu.

"Vaa koti," alisema. "Na upake kitu usoni. Tunakwenda kliniki."

Saa kumi jioni wote walikuwa kwenye chumba cha tiba: daktari kwenye ukingo wa dirisha, Darcy sakafuni, Bronagh karibu na mlango kama mgeni, Merv kwenye kochi lake, na Ingrid Tolhurst kwenye kiti chake cha siku zote, mwanamke mrefu mwenye mvi na sauti ya kumtuliza hata ng'ombe mwenye hasira.

"Ingrid," Noelene alisema, "mgonjwa akiwa kwenye dawa, unamuuliza maswali?"

"Kamwe."

"Kwa nini?"

"Hawezi kujibu vizuri. Na unaweza kumpandikizia jambo ambalo halikutokea. Ni hatari."

"Jumanne ulimuuliza Merv nani alimtuma Clive kilimani. Alipojibu, ukamuuliza kama ana hakika. Sasa nisaidie, maana mimi mgeni wa mambo haya. Ama ulivunja sheria yako mwenyewe, ukamtia mzee hatarini, ama ulijua hayuko kwenye dawa. Na wakati ule, kabla ya majibu ya maabara, ni mtu mmoja tu duniani aliyeweza kujua hilo."

Darcy alifungua mdomo, Merv akampiga kikumbo cha goti.

Ingrid alitazama mikono yake. "Nilikuwa nimeandaa sindano ya maji ya chumvi," alisema hatimaye. "Simu ya mapokezi niliipiga mimi, kwa simu yangu ya mkononi iliyokuwa mfukoni, nikiwa hapa hapa. Bronagh alipotoka nikabadilisha. Ya dawa niliimwaga kwenye sinki. Sikuiba, Noelene. Sikutaka hata tone."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka yeye aone!" Akamnyooshea daktari kidole, na ile sauti ya kutuliza ikapasuka. "Miaka sita nakaa na watu hawa. Dawa inafungua mlango, sawa, lakini nani anaingia nao ndani? Mapambo, Anselm! Uliniita mapambo! Niliona Merv yuko tayari, alibakiza hatua moja. Nikajua ataweza bila dawa. Na ameweza."

"Maji ya chumvi," daktari alisema taratibu, uso umemwiva. "Kwa hiyo yale yote aliyoyasema..."

"Hakuna aliyetia chumvi ila mimi," Ingrid alisema. Hakuna aliyecheka.

Merv alikuwa ameinamisha kichwa. "Yalikuwa yangu," alisema. "Maneno yale yalikuwa yangu mwenyewe. Sikuyapewa na dawa."

"Yako yote, Merv."

Uso wa mzee ulikunjuka polepole, furaha ikamjaa waziwazi. Kisha ukakunjamana tena. "Lakini ungeniomba, Ingrid. Ungesema, Merv, leo tujaribu bila sindano. Ningekubali. Mimi nilikuamini mpaka nikafumba macho, na wewe ukanichezea."

Ingrid alianza kulia.

"Na mimi?" Bronagh aliuliza kutoka mlangoni. "Uliniletea supu. Ulikaa jikoni kwangu ukiniona nilivyo, ukanyamaza."

"Ningesema Jumatatu. Naapa. Niliogopa."

"Mimi niliogopa tangu jana."

Noelene alimwacha Ingrid alie kidogo, kwa sababu alimhurumia na hakuona haya kumhurumia, kisha akamwambia achukue koti lake. Kubadilisha dawa ya mgonjwa ni kosa hata kwa nia njema, na maelezo yangeandikwa kituoni. Ingrid alisimama bila ubishi. Alipopita karibu na Merv, mzee aliunyoosha mkono, akaushika wake kwa muda, akauachia.

Daktari Kruse alikohoa. Alitoa funguo mfukoni, akamwelekezea Bronagh bila kumtazama. "Basi. Naona unaweza kurudi kazini Jumatatu."

Bronagh hakuzichukua. Mikono yake aliifungia kifuani. "Kwanza uniombe radhi."

Daktari aliangalia dirishani, akaangalia zulia. "Niwie radhi," alinong'ona. "Na kwa kumtaja kaka yako, niwie radhi."

"Kwa sauti. Merv hasikii sikio la kushoto."

"Niwie radhi, Bronagh!" daktari alipaza sauti mpaka Noelene na Ingrid, waliokwisha kufika koridoni, wakageuka. "Nilikukosea!"

Bronagh akachukua funguo.

"Nilimsikia mara ya kwanza," Merv alisema, akijinyoosha vizuri kwenye kochi, "ila nimependa. Hebu mwambie arudie."