Ni Pacha Yupi?

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Asubuhi ile alikuwa anashona sare za shule mlangoni, penye mwanga. Mumewe, kinyozi, alikuwa kazini katika banda lake lililotazamana na nyumba yao. Binti zao pacha walikuwa sakafuni, karibu na miguu ya mama. Aliyetangulia kuzaliwa aliitwa Mkubwa, na mwenzake Mdogo. Walifanana kama shilingi kwa ya pili. Baba yao mwenyewe akiwaita alisema tu, "Wewe!" kisha akangoja aone nani atageuka.

Siku hiyo Mdogo alicheza peke yake. Mkubwa alilala ubavu juu ya mkeka, mdomo wazi. Mama akamgusa paji la uso. Lilikuwa moto. Akamfunua nguo, akatazama kifua. Kila alipovuta pumzi, kifua kilibonyea ndani.

"Baba Pacha!" akaita. "Njoo! Mtoto hapumui vizuri!"

Kinyozi alimwacha mteja na kichwa kilichonyolewa nusu. Akambeba Mkubwa, wakaondoka mbio. Mdogo alibaki na shangazi yake, dada wa kinyozi, aliyeishi nao pale nyumbani.

Hospitalini daktari alisikiliza kifua cha mtoto.

"Ni nimonia," alisema. "Inabidi tuanze dawa sasa hivi. Je, kuna dawa yoyote inayomdhuru?"

Mume na mke wakatazamana.

"Mmoja wao aliwahi kuvimba," alisema mama. "Wakati huo hatujahamia huku. Alipewa dawa, midomo ikavimba, vipele vikamjaa mwili mzima. Tulidhani tumempoteza."

"Ni pacha yupi?"

"Mdogo. Huyu ni Mkubwa. Huyu mpe tu, Daktari."

"Hapana!" alisema kinyozi. "Alikuwa Mkubwa! Mimi ndiye niliyembeba."

"Ulimbeba, lakini nani alimvalisha? Alikuwa na gauni la Mdogo."

"Gauni! Lini hawa waliacha kubadilishana magauni?"

Mama akafumba macho. Alijaribu kuiona tena sura ile iliyovimba. Akaiona, lakini hakuweza kujua ni ya nani.

"Dawa yenyewe iliitwaje?" aliuliza daktari.

"Ilikuwa ya maji. Ya pinki."

"Mama, dawa za pinki ni nyingi mno. Kadi zao za kliniki ziko wapi?"

"Nyumbani," alisema mama kwa sauti ndogo. "Mahali fulani."

Daktari hakuwagombeza. Alimwekea Mkubwa oksijeni. "Dawa tunayoanza nayo kwa kawaida ni ya jamii ya penisilini," alisema. "Nayo huwadhuru baadhi ya watu namna hiyo. Siwezi kubahatisha na roho ya mtoto. Nitampa nyingine. Lakini zitafuteni kadi."

Kinyozi akarudi nyumbani. Alimwaga droo. Alipekua kabati. Shangazi alifungua masanduku ya nguo. Jirani yao, nesi mstaafu aliyeitwa Sista na mtaa mzima, alisikia vishindo akaja kuuliza kulikoni.

"Tunatafuta kadi za watoto," alisema kinyozi huku akitweta.

"Mmeangalia chini ya godoro? Watu wengi huficha huko."

Kinyozi akainua godoro. Palikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na risiti, picha za zamani, karatasi za maabara, na kadi mbili zilizogandamana. Bati la pembe ile lilikuwa linavuja wakati wa mvua, na maji yalikuwa yameingia mfukoni.

Akazibandua kadi taratibu. Kwenye moja kulikuwa na maneno makubwa mekundu: ASIPEWE PENISILINI. Mahali pa jina, kwenye kadi zote mbili, palikuwa na doa la wino tu.

"Tarehe ya kuzaliwa!" alisema kinyozi. Kisha akakumbuka. Tarehe ya pacha ni moja. Mama ni mmoja. Baba ni mmoja. Akamwonyesha Sista ile kadi.

"Ipeleke hivyo hivyo," alisema Sista. "Jina la mtoto limefutika, lakini jina la dawa limebaki. Hilo si dogo. Kimbia!"

Daktari aliisoma kadi. "Basi wote wawili wasipewe penisilini mpaka wapimwe," alisema.

Mkubwa alilazwa. Mama alikaa kando ya kitanda, macho kwenye kile kifua kidogo. Alihesabu pumzi, akapoteza hesabu, akaanza upya. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Hatimaye mtoto akaomba uji. Mama akalia.

Waliporudi nyumbani, Sista alikuja kuwapa pole. Aliukuta ule mfuko mezani.

"Mnasema mimi mstaafu?" alisema. "Leo narudi kazini. Leteni karatasi zote."

Waliketi, wakaanza kuchambua. Risiti za dukani ziliwekwa kando. Karatasi za kila mtu zikawa na fungu lake.

"Kila mtu awe na faili lake," alisema Sista. "Msichanganye, hasa hawa pacha. Karatasi mpya ikae juu, ya zamani chini, ili daktari aanze na habari za karibuni."

"Nitashona mifuko ya kitambaa kisichopitisha maji," alisema mama. "Mwekundu wa Mkubwa, wa kijani wa Mdogo."

"Vizuri. Lakini andika na jina. Daktari hajui rangi za nyumbani kwako."

Kinyozi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Karatasi ya mbele," Sista aliendelea, "ioneshe jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, dawa zinazomdhuru, magonjwa aliyonayo, dawa anazotumia sasa, na simu zenu. Daktari akikupa dawa, mwombe akuandikie jina lake. Usiseme 'ile ya pinki.' Kisha piga picha kwa simu, kama akiba."

"Na mafaili tuyaweke wapi?" aliuliza shangazi.

"Pakavu, mbali na watoto. Godoro ni la kulalia. Kila mtu mzima humu ndani apajue. Lakini si ya kuonyesha wageni. Ugonjwa wa mtu ni siri yake." Akamgeukia kinyozi. "Na wewe, mara ya mwisho kupima presha ilisomaje?"

"Sikumbuki."

"Ndiyo maana nawe unahitaji faili."

Baadaye walipewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Mtaalamu aliwapima pacha wote kwa kuwachoma kidogo ngozini na dawa ile, huku wauguzi wakiwaangalia kwa makini. Ngozi ya Mdogo haikubadilika. Ya Mkubwa ikavimba palepale.

"Ni huyu," alisema mtaalamu.

"Nilisema, 'Mpe tu,'" mama alimwambia mumewe njiani. "Kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Mke wangu, na mimi sikuwa na hakika," alijibu kinyozi. "Ungenibishia tena, ningekubali."

Jioni ile mama aliandika kwenye karatasi ya mbele ya Mkubwa. Aliandika kwa herufi kubwa, akasoma, akamwomba mumewe asome, kisha shangazi naye asome.

Msimu wa mvua uliofuata, mume na mke walisafiri kwenda msibani. Wakiwa huko, simu ya mama ikaita. Alikuwa shangazi.

"Wifi, usishtuke. Mkubwa anaumwa sikio, linatoa usaha. Tuko hospitali."

Mama akasimama. "Umewaambia kuhusu dawa? Ni Mkubwa, wifi, siyo Mdogo! Mkubwa!"

"Wifi, sikiliza..."

"Umewaambia?"

"Nimewapa faili! Daktari alikuwa ameshaanza kuandika dawa. Akasoma karatasi ya mbele, akakata alichoandika, akaandika nyingine. Sikuwahi hata kufungua mdomo."

"Na mtoto? Amevimba? Anapumua?"

"Ongea naye mwenyewe."

Simu ikakwaruza. Kisha ikaja sauti ya Mkubwa, yenye hasira.

"Mama! Wamenipa dawa. Chungu!"

Mama akakaa chini palepale, akacheka huku machozi yakimtoka.