Flashi Iliyonyamaza

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Resiato alikuwa amekwisha kufanya kazi ngumu kuliko hesabu: kuwasemea watu wawili kwa mpigo. Alizunguka na bibi yake, aliyemwita Koko, wakipeleka maziwa kwenye nyumba zilizo karibu na stesheni ya Kilosa. Koko alijua Kimaasai tu. Wateja walisema Kiswahili. Katikati yao alisimama msichana huyo wa darasa la sita, ndoo mkononi, akiyapokea maneno huku na kuyatua kule.

"Mwambie bibi yako maziwa ya jana yalikuwa mepesi," alisema Mama Kondo, mteja wao wa siku nyingi.

Resiato angependa kulilainisha neno hilo, lakini alimgeukia Koko na kulisema lilivyo. Koko akakunja uso, akajibu kwa kirefu.

"Anasema ng'ombe wanakula majani mabichi ya masika, ndiyo maana. Tena anasema, anayedhani tumetia maji aje akamue mwenyewe."

Mama Kondo aliangua kicheko. "Haya, nimeshindwa! Nipimie."

Njiani Koko alirudia usemi wake wa siku zote. "Maneno ni kama maziwa, mjukuu wangu. Usiyatie maji, wala usiyamwage. Yafikishe kama yalivyotoka."

Koko alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mwaka uliopita alikwenda zahanati peke yake, Resiato akiwa shuleni. Mganga alimuuliza maswali kwa Kiswahili, Koko akabaki kimya kwa sababu hakuelewa. Basi ikaamuliwa kuwa yule mama ni kiziwi! Akarudi nyumbani na dawa ya masikio, ilhali kilichokuwa kikimuuma ni goti. Kila Resiato alipolikumbuka jambo hilo, damu ilimchemka. Mtu hajaeleweka, anaitwa mgonjwa wa masikio. Haki gani hiyo?

Lakini Resiato naye alikuwa na lake la kuogopa. Baba yake, Mzee Saruni, aliyekaa na mifugo bondeni, alimruhusu kusoma mjini kwa sharti moja. "Siku nitakayosikia lalamiko la kwanza kutoka shuleni," alisema, "utarudi kuchunga." Koko ndiye aliyemdhamini, na Koko hakuwa mtu wa kumficha mwanawe jambo.

Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa wazi nchini, na pamoja na nguo za mitumba zikaanza kuingia kompyuta za mitumba. Moja ilifika shuleni kwao. Ilikuwa nzee, inanguruma kama mashine ya kusaga, lakini wanafunzi waliipenda kama mboni ya jicho. Aliyeruhusiwa kuigusa ni Mwalimu Stefano peke yake, kijana aliyetoka chuoni juzi juzi, hodari darasani ila mwepesi wa hasira. Resiato alichaguliwa kuwa mtunza vifaa wa klabu ya kompyuta.

Wiki hiyo klabu ilikuwa imetembelea Mbuga ya Mikumi, ikapiga picha za tembo, nyati na twiga ili kutengeneza gazeti la ukutani kwa ajili ya maonyesho ya shule za wilaya. Dada Katarina, mwenye studio ya picha Mikumi mjini, ndiye aliyewaazima kamera. Alizihamisha picha zote kwenye kifaa kidogo kama kidole gumba kiitwacho flashi, akakifunika kifuniko chake na kumvisha Resiato shingoni kwa kamba. "Hiki kinabeba kazi yenu yote," alimwambia. "Usikivue mpaka ufike." Naye hakukivua.

Siku iliyofuata klabu nzima ilijazana mbele ya kompyuta. Mwalimu Stefano aliichomeka flashi kwenye tundu la USB. Kompyuta ikalia kidogo, na kidirisha chenye maandishi ya Kiingereza kikatokea kwenye kioo. Mwalimu akakifunga. Akatafuta picha. Hakuna. Akaichomoa, akaichomeka tena. Kidirisha kikarudi, naye akakifunga upesi zaidi, kama mtu afukuzaye inzi.

"Mwalimu," alisema Resiato, "naona kompyuta inauliza kitu."

"Kompyuta haiulizi watoto! Flashi imekufa hii." Mwalimu aliigeuza mkononi, kisha akamtazama Resiato. "Uliivaa na hizo shanga zako, siyo? Ukaenda nayo kwenye maziwa?"

"Niliivaa, mwalimu. Lakini haikulowa. Sikuifungua hata kifuniko."

"Nani alikwambia flashi ni pambo? Kazi ya shule nzima umeitosa kwenye ndoo!"

Darasa likacheka. Hata wale aliowagawia maji yake njiani kutoka Mikumi walicheka. Resiato alisimama wima, kucha zimezama viganjani. Alitamani mtu mmoja tu aulize ushahidi uko wapi. Hakuna aliyeuliza. Mwalimu alimvua utunza vifaa palepale, akamwambia, "Kesho njoo na mzazi wako. Nina malalamiko."

Neno hilo la mwisho lilimpiga kuliko kicheko.

Njiani kurudi nyumbani aliandamana na Shimba, mwana wa wakulima Wasukuma waliohamia karibuni, ambaye hakuishiwa maneno.

"Mmang'ati weee, umeua tembo wote wa Mikumi kwa maziwa!"

"Mimi si Mmang'ati, ni Mmaasai, nami sikuua kitu," Resiato alifoka.

"Najua, nakutania." Shimba akapunguza sauti. "Sikiliza, bwana. Kesho nani atamtafsiria bibi yako? Si wewe mwenyewe? Basi mwalimu akisema umeharibu, wewe mwambie bibi, 'Mwalimu anakusalimu, anasema nina akili sana.' Nani atajua? Kimaasai chenu anakijua nani pale shuleni?"

Resiato hakucheka. Aliharakisha hatua mpaka walipoachana, maana wazo lile lilikuwa tamu, na alikuwa amekwisha kuanza kulionja. Amedhulumiwa, sivyo? Kuna ubaya gani kumzunguka aliyemdhulumu?

Asubuhi Resiato na Koko walikaa ofisini kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Beatrice, mwanamke mpole asiyependa kelele. Mwalimu Stefano alisimama karibu na dirisha.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Koko alimtazama, akangoja. Kwao kijana humwinamishia mzee kichwa, mzee akamwekea kiganja utosini, ndipo maneno yaanze. Mwalimu hakuinama. Koko naye hakujibu.

"Naona bibi hasikii vizuri," alisema Mwalimu Stefano.

Yaleyale ya zahanati!

"Anasikia, mwalimu," alisema Resiato. "Sema, nitamfikishia."

"Haya. Mwambie umeharibu kifaa ulichokabidhiwa. Mwambie ni uzembe, na unakataa kukiri. Mwambie hufai kukabidhiwa kitu."

Resiato alimtazama Koko, akaona macho yale yanayomwamini. Aliona pia mbuga, ng'ombe, na fimbo ya kuchungia ikimngoja. Kisha akasema yote kwa Kimaasai: kifaa, uzembe, kukataa kukiri, kutofaa. Kila neno lilimchoma likipita, lakini hakuna aliloliacha.

Koko alimuuliza swali fupi, naye akajibu. Kisha Koko akasema polepole, na Resiato akatafsiri.

"Bibi ameniuliza kama nimeharibu. Nimemjibu sikuharibu. Anasema, mjukuu wake amemfikishia maneno yanayomkata yeye mwenyewe, wala hakuyatia maji. Anasema mtu wa namna hiyo akikana, yeye anamwamini. Tena anauliza: kitu hicho kilisema wapi mara ya mwisho?"

"Kilisema?" Mwalimu Stefano alishangaa. "Kilifanya kazi Mikumi, kwa Katarina."

Resiato alitafsiri, akapokea jibu. "Anasema, basi aitwe aliyekisikia kikisema. Asiyejibu swali hajawa maiti. Yeye mwenyewe aliwahi kupewa dawa ya masikio kwa kunyamaza."

Mwalimu Mkuu Beatrice, aliyekuwa akisikiliza muda wote, alimgeukia Koko na kumwamkia kwa Kimaasai safi. Resiato aliruka kidogo kitini.

"Nilifundisha wilayani Kiteto, kwa Wamaasai, kabla ya kuja huku," Mwalimu Beatrice alisema kwa Kiswahili. "Nimewafuata neno kwa neno. Binti huyu angeweza kuwadanganya nyote wawili, Stefano, wewe na bibi yake. Hakufanya hivyo. Sasa sisi tutamlipa nini, kicheko?" Akanyanyua simu ya mezani, akampigia Katarina.

Dada Katarina alishuka kwenye basi la Mikumi kesho yake asubuhi, mkoba begani. Klabu ilikusanyika, na Koko alipewa kiti mbele. Katarina aliichomeka flashi. Kidirisha kikatokea, na mkono wa Mwalimu Stefano ukaenda wenyewe kukifunga.

"Hapohapo! Usikifunge," Katarina alimzuia. "Kisome kwanza."

Mwalimu alisoma, na uso wake ukabadilika. "Inasema imeona kifaa kipya. Inaomba draiva yake."

"Draiva? Wa basi gani tena?" Shimba alidakia, darasa likacheka.

"Si wa basi. Ni programu," alisema Katarina. "Sikilizeni. Flashi ikichomekwa, kompyuta huiuliza, 'Wewe nani?' Nayo hujitambulisha: imetengenezwa na nani, ni kifaa cha aina gani. Kwa salamu hiyo wanaelewana. Lakini baada ya salamu kuna kazi. Mwalimu akibonyeza kufungua picha ya tembo, kompyuta inatoa amri kwa lugha yake: 'Nipe picha ya tembo.' Flashi haijui tembo. Inajua vyumba vyake vidogo vyenye namba. Draiva ndiye anayeigeuza amri hiyo kuwa, 'Nisomee chumba hiki mpaka kile.' Flashi ikijibu, anairudisha habari kwa lugha ya kompyuta. Kompyuta yangu ni mpya, imezaliwa na draiva wa flashi ndani yake. Hii yenu ni ya zamani, haina. Nilitakiwa kuwapa na sidii hii yenye draiva, iliyokuja na flashi. Nilisahau, na kosa hilo ni langu."

Resiato alikuwa akimtafsiria Koko kwa sauti ya chini. Koko akaitikia kwa kichwa, akasema neno moja.

"Anasema nini?" aliuliza Katarina.

"Anasema huyo draiva ni mimi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Katarina aliiingiza sidii, akajibu maswali ya kompyuta moja baada ya jingine, akaiwasha upya. Alipoichomeka flashi tena, kidirisha hakikurudi. Picha zikajipanga kwenye kioo: tembo na ndama wake, nyati matopeni, twiga wawili shingo zimepishana. Hata moja haikuwa imelowa maziwa. Darasa lilishangilia mpaka walimu wa madarasa mengine wakachungulia.

Mwalimu Mkuu Beatrice alinyanyua mkono, kelele zikakatika.

"Flashi hii haikuwa mbovu," alisema. "Ilikosa wa kuisemea, na kila kompyuta ilipotuomba tumlete huyo wa kuisemea, tuliifunga mdomo. Kisha tukamtafuta mtu wa kubeba lawama, tukamwona aliye tofauti nasi kwa shanga na lugha. Huo ni uonevu, wanangu, na aliyecheka naye alionea. Kabla hujamhukumu asiyekujibu, hakikisha umemuuliza na ukasikiliza. Na ukipewa kazi ya kufikisha maneno ya watu, yafikishe kwa uaminifu hata yakikuumiza. Uaminifu wa Resiato ndio uliotufungua masikio. Yeye ndiye mtunza vifaa wetu, na lile lalamiko halipo tena."

Mwalimu Stefano alisogea mbele.

"Resiato, nilikukosea mbele ya wenzako," alisema, "nami nakuomba radhi mbele yao. Mwambie na bibi."

Resiato alimfikishia Koko maneno hayo. Yalikuwa machache. Angeweza kuyaongezea chumvi, amfanye mwalimu apige magoti kwa Kimaasai, lakini aliyaacha yalivyotoka. Koko akajibu.

"Anasema atamwambia baba yangu yote: lalamiko, na jinsi lilivyokufa," alisema Resiato. "Tena anasema hujamsalimu bado."

Mwalimu Stefano alimgeukia Mwalimu Mkuu. Naye akamnong'oneza la kufanya. Ndipo kijana yule akakaribia kiti na kuinamisha kichwa, na Koko akauweka mkono wake utosini pake, akaitika kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.

Gazeti lilipobandikwa kwenye maonyesho, chini ya picha ya tembo palikuwa na ubeti mmoja ulioandikwa kwa mkono wa Resiato:

Asiyejibu si bubu,
Usimtie aibu,
Muulize taratibu,
Tafuta mkalimani.