Maana ya Kula Vizuri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Igoki aliwatoa mbuzi zizini, akawafunga penye majani nyuma ya nyumba yao huko Kiritiri, kisha akakimbilia jikoni. Siku hizo jikoni kulikuwa na mwenyewe. Tata Winfred, dada ya baba yake, alikuwa ametoka Kanja kuja kumuuguza mama, na tata huyo akishika mwiko, hata moshi ulimpisha.

Mama yake Igoki, Jedidah, alikuwa amepasuliwa. Utumbo wake ulijisokota, na madaktari wakalazimika kukata sehemu iliyoharibika na kuunganisha iliyobaki. Siku ya kutoka hospitali, mtaalamu wa lishe alieleza mengi, lakini Tata Winfred alishika maneno mawili tu: ale vizuri.

Kwa Tata, aliyekula vizuri ni yule anayeshindwa kuinuka kitini. Alimpakulia mama mlima wa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kisha akamkorogea kikombe kikubwa cha glukosi. Wageni waliokuja kumjulia hali waliongeza soda na juisi.

"Maliza, Mama Igoki," alihimiza. "Damu irudi."

Mama alimaliza. Angekataaje chakula cha wifi yake aliyeacha shamba lake kwa ajili yake? Lakini baada ya kila mlo alikwenda msalani mbio, Igoki akimshika mkono.

"Usimwambie tata yako," mama alimsihi. "Ataumia moyo."

Igoki alitii. Hata hivyo, gauni la mama lilizidi kumpwaya, na siri ile ilimnyima raha.

Siku ya kliniki shule zilikuwa zimefungwa kwa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula, kwa hiyo Igoki aliandamana nao kubeba mkoba. Mama alipopanda mizani, mtaalamu wa lishe, Bi Hamda, alikunja uso.

"Mama, uzito umeshuka tena. Ukiendelea kushuka, itabidi ulazwe, ulishwe kwa mshipa. " Akamgeukia Tata. "Kwani huyu anakula?"

"Daktari, anakula vizuri sana!" Tata alidakia. "Sahani inarudi nyeupe, hata kuiosha ni kupenda tu."

Mama alitazama sakafu. Kumpinga tata mbele ya watu ni kukosa adabu. Lakini mama alazwe tena?

"Daktari, ni kweli anakula," Igoki alisema, "lakini chakula hakikai. Akimaliza tu, anakimbia choo. Akinywa glukosi, inakuwa mbaya zaidi. Nisamehe, Tata."

Bi Hamda hakumkemea mtu. "Utumbo wake sasa ni mfupi," alieleza. "Chakula kingi kikipita kwa pamoja, mwili haupati nafasi ya kukifyonza. Sukari nyingi nayo huvuta maji tumboni, ndiyo sababu anaendesha. Kwake yeye, kula vizuri ni kula kidogo, mara nyingi, akitafuna polepole. Mpeni viazi vilivyopondwa, wali, yai, samaki. Mahindi na maharagwe yangoje kwanza. Asinywe pamoja na chakula; anywe baadaye, kidogo kidogo. Badala ya glukosi, nitawapa pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari kidogo wa kukoroga na maji."

Njiani Tata alitangulia mbele bila kugeuka nyuma. Igoki alijua leo ataipata. Walipofika nyumbani, Tata alivua kitambaa cha kichwa, akaketi.

"Igoki, kuja hapa. Wewe ndiye mwenye masikio sawa. Tupike nini?"

Basi wakaanza kazi. Igoki aliponda viazi asubuhi kabla ya shule na kuchemsha mayai jioni. Mkono wa Tata ulikuwa mzito kupakua kidogo, ikabidi Igoki afunike sahani kwa kiganja.

"Hapo, Tata."

"Hapa tu? Si hii ni ya kifaranga!"

"Hapo hapo, Tata."

Wageni walipoleta soda, Tata aliwashukuru sana, akainywa mwenyewe. Polepole, mama akaacha kukimbia. Akaanza kulala usingizi mzuri, na Jumamosi moja Igoki alimkuta amewatoa mbuzi mwenyewe, akiimba.

Siku ya kurudi kliniki, Igoki aliombewa ruhusa shuleni. Mama alipanda mizani, na Bi Hamda akatabasamu.

"Uzito umepanda! Na umepanda vizuri!"

Tata Winfred alipiga kigelegele, foleni nzima ikageuka. Bi Hamda, akicheka, aliuliza ni nani anayempikia mgonjwa.

Tata alimshika Igoki mabega, akamsogeza mbele. "Mimi nilipika kwa mapenzi, daktari, na chakula changu kilikuwa kinammaliza. Sisi wakubwa tulifichana ukweli tukidhani ndiyo heshima. Huyu aliusema, tena kwa adabu, na ndio umetuponyea mgonjwa. Igoki, usiwahi kuogopa kusema kweli kwa sababu ya ukubwa wa mtu."

Igoki alisimama wima, uso ukiwaka kwa fahari. Mama alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Kwa hivyo wewe sasa si mpishi?" Bi Hamda akamtania Tata.

"Mpishi ni huyu," Tata akajibu kwa sauti ya kusikiwa na foleni yote. "Mimi ni msaidizi wake."