Kitambaa cha Monjia

Monjia alikuwa muuguzi katika hospitali moja mjini Kairuani. Alikuwa na miaka kumi na minane kazini. Nyumbani aliishi na mama yake, Bi Dalanda, mwenye sukari na kifua kibovu. Corona ilipoingia, Monjia alihamia chumba cha juu. Asubuhi mama alimwekea bakuli la supu ya dengu kwenye ngazi, akagonga ukuta kwa mwiko, akarudi jikoni.

"Ukiniletea huo ugonjwa nitakuchapa, mkubwa hivyo hivyo," mama alisema kutoka chini.

"Sikuletei, mama. Kazi yangu naijua."

Na kweli aliijua. Lakini lilikuwepo jambo lililomkaa kooni, nalo liliitwa Emna.

Emna alikuwa na miaka mitatu tu kazini. Monjia ndiye aliyemfundisha kutafuta mshipa wa damu. Sasa muuguzi mkuu, Bwana Nuri, alikuwa amempa Emna kiti mlangoni mwa wodi ya corona. Kila muuguzi aliyetoka alisimama mbele yake, akavua mavazi ya kinga huku Emna akimwelekeza.

"Emna ana jicho kali," Bwana Nuri alisema.

Monjia alitabasamu, lakini maneno hayo yalimchoma moyoni. Na langu mimi ni la mbuzi? alijiuliza.

Basi akawa anangoja Emna aende kuswali au kula, ndipo atoke. Kukaa saa sita ndani ya joho la plastiki si mchezo. Kwanza alishusha barakoa, avute pumzi. Pili alirekebisha kitambaa chake cha kichwani, maana hakupenda nywele zimtoke. Mwisho ndipo akavua glavu. Jioni alirudi nyumbani na kitambaa kile kile, akakitundika kwenye msumari wa mlangoni, juu ya kitambaa cha mama.

Siku moja Emna alirudi mapema, akamwona. Mchana, kwenye chumba cha chai, wenzao wawili wakiwapo, alimwambia:

"Dada Monjia, hebu tuonyeshe unavyovua. Wewe ndiye mwalimu wetu."

"Leo ndiyo umekumbuka? Lete joho uone mtu aliyesomea kazi."

Alivaa kila kitu. Emna alichukua harisa, ile pilipili nyekundu ya kupondwa, akampaka kidogo kwenye glavu.

"Tuseme hiki ndicho kirusi. Haya, vua."

Monjia alivua haraka, kama kawaida yake. Kisha kidevu kikaanza kumuwasha. Alitazama kwenye kioo. Kidevu chekundu. Sikio jekundu. Kwenye kitambaa, alama za vidole vitatu.

"Mwenzetu umejipaka viungo kama samaki," mwenzao mmoja alisema.

Monjia hakucheka. Akilini aliuona ule msumari wa mlangoni nyumbani. Alikaa kitini.

"Mama yangu," alisema. "Kitambaa changu hulala juu ya chake."

Emna alimsogezea maji na sabuni. "Bi Dalanda mzima?"

"Mzima, namshukuru Mungu."

"Basi hatujachelewa, dada. Anza na glavu, uzigeuze ndani nje. Osha mikono. Vua joho ukilikunja, upande wa nje usikuguse. Osha. Miwani uishike kwa nyuma. Barakoa ndiyo ya mwisho, ukishatoka wodini, nayo uishike kwa kamba tu. Osha tena. Na kitambaa cha kazini hakifiki nyumbani. Kinafuliwa hapa hapa."

Tangu siku hiyo Monjia alisimama mbele ya kile kiti kila alipotoka. Siku za kwanza alivua amekunja uso. Halafu ikawa juma la tano, Emna mwenyewe akatoka wodini amechoka, mkono wenye glavu ukipanda kichwani.

"Emna. Mkono," Monjia alisema.

Mkono ulisimama hewani. Wakatazamana.

"Ahsante, dada."

Siku hiyo Monjia alikula chakula chake chote, hakuna kilichomkaa kooni.

Wimbi la ugonjwa lilipita, na Bi Dalanda hakukohoa hata mara moja. Monjia aliposhuka kutoka chumba cha juu, mama alikuta msumari wa pili mlangoni, umepigiliwa mbali na wake.

"Nani kakufundisha mambo haya yote?"

Monjia alikoroga supu yake kwanza.

"Emna," alisema. "Yule niliyemfundisha mimi kutafuta mshipa."