Jiko la Bibi Anyisile

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Eveline alikuwa na kazi ya kutoa majivu. Alichutama mbele ya jiko la bati lililokuwa sebuleni kwao Mjimwema, akayakwangua kwa kijiti, kisha akatoka nje kuyamwaga kwenye tuta la kabichi. Sakitu ilikuwa imetanda juu ya majani, nyeupe kama chumvi. Mjini Njombe mwezi wa Julai hauna huruma, na Eveline alirudi ndani mbio akipuliza vidole.

Jiko lile halikuwa la dukani. Lilibuniwa na watafiti wa chuo kikuu kimoja cha teknolojia. Walikuwa wamesikia kwamba huku kwenye baridi watu huingiza majiko ya mkaa ndani, hufunga milango na madirisha, na wengine hawaamki tena. Basi wakatengeneza jiko lenye mfuniko, na bomba refu lililopanda hadi juu ya paa ili kutoa hewa ya sumu. Nyumba chache zilichaguliwa kulijaribu, na ya kina Eveline ikawamo. Majirani walikuja kuota moto na kusifu.

Lakini siku za upepo mkali jiko lilibadilika tabia. Majivu yalipeperuka kupitia kimlango chake, na baada ya muda Eveline alianza kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Mama alifungua dirisha, baridi ikaingia, na maumivu yakapungua.

"Mama, tumwambie kaka Efraimu aliyetuwekea jiko?" Eveline aliuliza siku moja.

"Ya nini?" mama alijibu. "Watu wametuheshimu, wametuwekea jiko bure. Tukianza kulalamika watalibeba wampe mwingine. Dirisha lipo, tutafungua."

Eveline hakubisha, maana naye alikuwa na lake moyoni. Bibi yake mzaa mama, Bibi Anyisile, aliishi peke yake kijijini Kichiwa, na baridi ilimtesa magoti hata akawa anatembea kwa kushika kuta. Eveline alitamani bibi naye apate jiko.

Efraimu, mhandisi kijana aliyesimamia utafiti ule, alipokuja na vipimajoto vyake, Eveline alimweleza habari za bibi.

"Kama hili halina kasoro, linalofuata nitaliweka kwa bibi yako," alisema Efraimu. "Wewe ndiye unayelihudumia kila siku. Niambie, kuna tatizo lolote?"

Mama alimtazama Eveline. Eveline akatazama miguu yake.

"Hakuna, kaka. Ni zuri sana."

"Hata upepo ukivuma?"

"Hata upepo ukivuma."

Efraimu alitabasamu, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akiliombea.

Siku ya kufunga jiko kule Kichiwa, Bibi Anyisile aliwapokea mlangoni. "Kamwene!" alisalimu kwa lugha ya kwao, akamshika Efraimu mikono yote miwili. Moto ulipokolea alivuta kiti karibu, akanyoosha miguu, akafumba macho. "Tangu babu yako atangulie, sijalala na joto namna hii," alimwambia mjukuu wake. "Mungu akubariki, mwanangu."

Eveline alitaka kumwambia habari ya dirisha. Lakini Efraimu alikuwa palepale akikaza skrubu za bomba. Angesikia. Nitamwambia baadaye, Eveline alijisemea. Mara gari la kurudi mjini likapiga honi, wakaagana harakaharaka.

Wiki chache baadaye ulivuma upepo mkali wa kipupwe, ukang'oa hata mabati ya choo cha shule. Asubuhi iliyofuata, Eveline akiwa darasani, alimwona mjomba Romanus amesimama mlangoni, kofia mkononi. Mwalimu alimsikiliza, kisha akageuka taratibu kumtafuta Eveline kwa macho.

Bibi Anyisile alikutwa amekaa kitini kwake, shali magotini, kama aliyesinzia.

Msibani watu walisema ni uzee. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, na kaburi likafukiwa kwa udongo mwekundu. Efraimu naye alifika, uso umempauka. Alikagua jiko lile, akapanda juu ya paa, akashuka. Hakukuwa na upepo siku hiyo, wala hakuona kitu kilichoharibika.

"Uzee tu, kijana," wazee walimfariji. "Usijilaumu."

Eveline alikuwa amekaa mkekani kando ya mama yake. Kama angenyamaza, maneno yangeishia pale. Lakini alizikumbuka nyumba nyingine zenye majiko yale, na wenyewe wakiyasogelea na kuyashukuru. Alisimama.

"Si uzee," alisema. "Upepo ukivuma, jiko linarudisha hewa ndani. Kwetu tunaumwa vichwa. Tunafungua dirisha. Nilijua, kaka Efraimu. Nilijua, na sikumwambia bibi."

Mama alijifunika uso kwa khanga. "Mimi ndiye niliyemfunga mdomo," alisema kwa sauti iliyokatika. "Mama yangu mzazi! Niliogopa kunyang'anywa jiko."

Efraimu aliketi chini, palepale kwenye vumbi. Baadaye aliinuka, akarudi mjini kwa gari, akaomba baiskeli, na kabla jua halijazama alikuwa amezizungukia nyumba zote zilizobaki na kuwazuia watu wasiwashe tena. Katika nyumba hizo, mmoja baada ya mwingine, walikiri kwamba na wao walikuwa wakiumwa vichwa. Walinyamaza kwa kumwonea haya mgeni.

Utafiti ulianza upya. Efraimu na wenzake walirudi chuoni, wakabadilisha bomba, wakalivika kofia ya bati ya kuzuia upepo usishuke. Safari hii walilijaribu kwenye kilima cha Kichiwa, siku za upepo tu, katika kibanda kisicho na mtu, wakipima hewa yenyewe. Majaribio mengi yalishindikana. Ulipita mwaka mzima na zaidi kabla hawajaridhika.

Ndipo siku moja walilileta jiko sokoni Makambako, karibu na reli. Ilikuwa miaka ile biashara zilipoachiwa watu binafsi, na wafanyabiashara walijaa kutafuta bidhaa mpya. Eveline na mama yake walialikwa. Efraimu, kabla ya kusifu chochote, aliwaeleza watu habari za kifo cha Bibi Anyisile, akamwonyesha na mjukuu wake aliyesema ukweli.

"Mhandisi," alisema mzee Seleman, mwenye malori na duka la vyombo, "biashara gani hii unayoifungua kwa msiba?" Kisha akamgeukia Eveline. "Haya, binti. Niambie wewe. Lina kasoro?"

Watu walisogea kumsikiliza.

"Ipo, mzee," alijibu Eveline. "Bomba likijaa masizi, hewa itarudi. Lazima lisafishwe. Na dirisha lisifungwe lote, hata kama ni baridi."

"Basi nitayauza," alisema Seleman. "Na kila mnunuzi nitamwambia maneno hayo."

Watu walipotawanyika, Eveline alimsogelea Efraimu. "Kaka, ningesema mwanzoni, bibi angekuwa hai?"

Efraimu aliketi juu ya gunia. "Huenda angekuwepo. Nami ningekuja kwenu hata siku moja ya upepo, huenda angekuwepo. Niliuliza nikitamani kusifiwa. Chuoni sasa wananipongeza, lakini mimi najua tulichopoteza. Utafiti unataka ukweli, Eveline, na ukweli mchungu unatakiwa mapema, kabla hatari haijamfikia mtu asiyejua. Ila wewe ulikuwa mtoto. Mzigo mkubwa ni wetu sisi watu wazima."

Eveline, ambaye hakulia hata makaburini, aliangua kilio katikati ya magunia ya viazi. Mama alimkumbatia, naye akilia.

"Nisikilize," mama alimwambia sikioni. "Heshima haifichi hatari. Kuanzia leo, ukiona jambo linaloumiza watu, sema. Hata kama mimi ndiye niliyekwambia unyamaze."