Kiarabu cha Jikoni

"Karibu, wifi."

Damaris aligeuka nyuma kuona ni nani anayekaribishwa. Hakukuwa na mtu. Kilikuwa chumba kidogo cha mtihani, ghorofa ya nne huko Lusail, kando ya Doha, na ndani yake kompyuta moja, viti viwili na msichana mrefu wa Kikenya mwenye beji iliyoandikwa Chelsea. Chelsea alikuwa anamtazama yeye, meno yote nje.

"Unaniambia mimi?"

"Si wewe ni Damaris wa Muaither, binamu yake Dedan? Nimekuona kwa simu yake. Mimi ndiye msimamizi wako leo. Aki huyo mtu hakuniambia unakuja, ningekuwekea hata chai."

Damaris akakaa.

Dedan hakuwa binamu yake. Alikuwa mpenzi wake wa miaka mitatu, fundi wa kompyuta wa kituo hichohicho, aliyemwahidi pale The Pearl, wakitembea kando ya boti za matajiri, kwamba Desemba hii atampeleka Nyeri akawaone wazazi. Ubinamu ulikuwa uongo wao wa getini, na mtungaji ni Damaris mwenyewe. Madam wake asingemruhusu yaya wa watoto wake kutoka siku ya Ijumaa na mwanamume wa barabarani. Kwa hiyo siku ya kwanza Dedan alipokuja kumchukua, Damaris alisema kwa Kiarabu kilichonyooka: huyu ni mwana wa mjomba wangu. Nusu ya Wakenya wa Doha wana mabinamu wa aina hiyo. Siku ile walicheka njia nzima.

"Wifi kivipi?" aliuliza.

Chelsea alinyoosha kidole. Pete ilikuwa pale, ndogo, ya dhahabu.

"Kumbe hakukwambia? Desemba tunaenda Nyeri kwa wazazi wake."

Nyeri ileile. Desemba ileile.

Hapo ndipo mambo yote ya mwezi mzima yalipompangikia Damaris kichwani. Alikuwa anasoma kwa mtandao chuo kimoja cha Marekani, akisoma watoto wakilala na kuandika kazi zake juu ya meza ya kupigia pasi. Alibakiza krediti kumi na mbili tu apate digrii, na chuo kilikuwa na utaratibu kwamba mwanafunzi anayejua lugha ya kigeni anafanya mtihani wa kuizungumza, akifaulu anapewa krediti bila kukanyaga darasa. Kliniki moja ilishamwambia kiti cha mapokezi ni chake, mradi cheti kiwe mkononi kabla ya mwaka kuisha.

Lakini alipomwambia Dedan, badala ya kufurahi, alikunja uso. Alisema kituo chao hakifanyi mitihani hiyo. Damaris alipouliza mwenyewe akaambiwa kinafanya, Dedan akageuza wimbo.

"Hicho ni Kiarabu cha jikoni, Dama," alimwambia. "Leta nyanya, mtoto amelia. Utaenda kuniaibisha mbele ya wenzangu kazini."

Ilimuuma wiki nzima. Kiarabu chake hakikuwa cha nyanya tu. Miaka sita alikuwa amekaa sakafuni na watoto wa madam wakitazama katuni zinazosema Kiarabu sanifu, akawafundisha kusoma vitabu vya darasa la kwanza huku naye anajifunza, na jioni akatazama taarifa ya habari na Mama Kubwa, bibi wa watoto hao, ambaye alimsahihisha kila akikosea na hakuwahi kumwonea huruma. Alijiandikisha bila kumwambia Dedan. Sasa ndipo alipojua aibu iliyokuwa ikiogopwa ni ya nani.

"Lakini wifi, tuna shida," Chelsea alisema, akiitazama fomu. "Hapa wanataka msimamizi asiwe ndugu wala mkwe wa anayefanya mtihani. Mimi na wewe tuko karibu kuwa hivyo. Nikidanganya wakajua, matokeo yako yanafutwa na mimi napoteza kazi. Itabidi tuahirishe. Mwenzangu anarudi kutoka likizo tarehe kumi."

"Mwisho wa chuo kupokea mitihani ni tarehe tano."

"Pole sana. Kweli pole."

Simu ya Damaris ikatetemeka. Ni Dedan, chini ghorofa ya pili, ambaye bila shaka alikuwa ameliona jina la Damaris kwenye orodha ya siku.

*Dama pls. Usimwambie Chelsea kitu. Ahirisha tu huo mtihani, jioni nitakueleza kila kitu. Kama unanipenda utanyamaza.*

Aliusoma mara mbili. Njia rahisi ilikuwepo: ainuke, aseme asante, aende akalie kwenye teksi. Angebaki binamu mwema, na mwaka ujao angekuwa bado anapiga pasi kanzu za watu. Akasikia hasira ikimpanda, hasira safi kabisa.

Akaisukuma simu mbele ya Chelsea.

"Soma."

Chelsea alisoma. Tabasamu likamtoka.

"Sielewi. Yeye alisema ni upande wa mama yake."

"Mama yake ni Mkikuyu wa Othaya. Mimi ni Mkisii wa Nyamache, baba na mama. Tutakuwa mabinamu wa wapi? Chelsea, huyo ni mpenzi wangu miaka mitatu. Ile Nyeri ya Desemba alinipa mimi kwanza."

Damaris aliona macho ya msichana yule yakijaa, akajua ukweli umemkata kama ulivyomkata yeye, na kwamba hapakuwa na adui humu chumbani.

"Kwa nini unaniambia sasa hivi?" Chelsea aliuliza polepole. "Ungengoja hata utoke."

"Kwa sababu fomu inauliza sasa hivi. Mimi na wewe si ndugu na si wakwe. Weka hapana, utie sahihi, nifanye mtihani wangu. Kulia tutalia baadaye, hata pamoja ukitaka."

Chelsea alijipangusa kwa mkono wa shati. Akachukua kikapu ambacho watu huwekea simu, akaweka simu ya Damaris ndani. Halafu akaivua pete akaiweka humohumo, akaandika *hapana*, akatia sahihi.

"Una dakika thelathini," alisema. "Mnyooshe huyo mtahini."

Mtahini alikuwa sauti ya mwanamke kwenye kompyuta, kutoka mbali. Alimuuliza nyumbani kwao, kazi yake, habari za siku hizi. Mwanzoni Damaris alijibu kwa sentensi fupifupi. Kisha yule mama akampa igizo: umenunua birika dukani, umelifikisha nyumbani ukakuta limeshatumiwa na mtu mwingine, muuzaji anakataa kulipokea. Zungumza naye.

Mungu amsaidie muuzaji huyo. Damaris alimwambia kwamba aliuziwa kitu kama kipya na huku mwenye duka anajua kina mwenyewe mwingine. Akamwambia asimwombe anyamaze ili duka lisiaibike, kwa kuwa aibu ni ya aliyedanganya, si ya aliyerudisha. Maneno yalikuja kwa Kiarabu cha taarifa ya habari, yamepangika, hata yeye akajishangaa. Mtahini alicheka.

"Basi, dada. Umeshinda, tunakubadilishia."

Siku nne baadaye barua pepe ya chuo iliingia akiwa anamenya vitunguu. Krediti kumi na mbili, zote. Alilia, na mara hii vitunguu havikuhusika sana. Wa kwanza kuandikiwa habari hiyo alikuwa Chelsea, naye akajibu: *Hongera mwanamke. Pete nimeiacha juu ya kompyuta ya Dedan.*

Ijumaa Dedan akaja getini na mfuko wa kuku wa kuchoma. Mama Kubwa alikuwa uani na kahawa yake.

"Damaris," aliita, "mwana wa mjomba wako amekuja."

Damaris alitoka akijifuta mikono.

"Dama, nisikize," Dedan alinong'ona. "Na Chelsea imeisha. Mwambie huyu mama tunatoka kidogo. Mwambie kama kawaida."

Alijua akisema ukweli anaweza kufukuzwa leo hii. Akamgeukia Mama Kubwa na kusema kwa Kiarabu, taratibu, bila kumeza herufi hata moja, kwamba alimdanganya miaka mitatu, kwamba huyu si mwana wa mjomba wake, na kwamba yeye hana ndugu mwanamume mji huu. Akaomba radhi.

Mama Kubwa alimtazama Dedan kuanzia viatu mpaka kofia. Akatoa neno moja tu, ambalo hata Dedan alijua maana yake: haya, nenda.

"Yalla."

Dereva wa nyumba akabonyeza kitufe na geti likaanza kujifunga.

"Umemwambia nini?" Dedan aliuliza, akirudi nyuma na mfuko wake. "Dama, umemwambia nini?"

"Nimemwambia ukweli," Damaris alisema, "kwa Kiarabu cha jikoni."

Geti lilipojifunga, Mama Kubwa alimgombeza Damaris kwa ule uongo, dakika tano nzima. Alipomaliza akamsogezea kiti.

"Sasa kaa, unywe kahawa," alisema. "Halafu uniambie, ile kazi ya kliniki uliyoniambia inaanza lini?"